Kiti Kando ya Dada

Katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Pedali, na jina halikumkera. Baiskeli alijifunza akiwa na mvi, mwaka ule wa gonjwa, ambapo mtu akikohoa garini, gari zima lilimgeukia. Basi la wafanyakazi liliposimamishwa, alichukua baiskeli ya mumewe, akaanguka, akaanguka tena, kisha akaenda.

Sasa basi limerudi. Dada yake mkubwa, ambaye hufanya naye kazi hapo hapo, kila asubuhi humshikia kiti kwa mkoba wake. Kila asubuhi mkoba ndio hukikalia hadi kazini.

Siku moja walikuwa wakikunja mashuka, kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja: kila mmoja hushika pembe mbili, huvuta, hukutana katikati, huachana tena. Dada alivuta kwa nguvu hadi shuka likamponyoka mwenzake.

"Pole, Bi Pedali. Nilidhani mikono imekazwa na usukani."

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema mpiga pasi aliyekuwa meza ya pili. "Mimi nina pasi, nitajikaza nayo."

"Dada, sema lililo moyoni," alisema Bi Pedali. "Shuka halina kosa."

"Gonjwa limekwisha, mdogo wangu. Mbona bado unanikimbia?"

Bi Pedali aliinama kuliokota shuka. Alikuwa amejiandaa kujitetea kwa afya ya mapafu na foleni za barabarani. Kwa kiti kitupu hakuwa na utetezi. Angeweza kurudi basini na maneno yakaisha. Lakini alijijua: mwendo ule wa asubuhi ulikuwa wake peke yake, si wa mume, watoto wala msimamizi. Akiuacha kwa kulazimishwa, angekaa kando ya dada akimchukia kimoyomoyo.

"Sikukimbii. Ila baiskeli siiachi," alisema. "Kwako ni njiani. Nitakupitia, niikokote, twende pamoja kwa miguu hadi kituoni. Unimwagie umbea wote, kisha upande basi lako."

"Nitembee? Na magoti haya?"

"Basi panda nyuma."

"Unibwage mtaroni, nife kwa aibu kabla ya maumivu." Dada alishika pembe zake upya, uso ukimlegea. "Usichelewe tu. Mimi simsubiri mtu mlangoni kama mchumba."

Kesho yake Bi Pedali aliwahi. Hata hivyo alimkuta dada amekwisha kutoka nje, raba miguuni, akilalamika kwamba amesubirishwa sana.