Mbabe wa Vitabuni

Riwaya za vijana anazosoma binti yangu zinanikera. Mbabe wa shule humo hana mama wala ndugu. Anapiga wenzake, anafukuzwa shule, kitabu kinaisha.

Aliyenivunja jino darasani, kule Kisiwa Panza, alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Ilikuwa Ramadhani. Magharibi ile ile tulifuturu sinia moja, na bibi akaniambia nisogee ndugu yangu huyo akae vizuri. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami nikasogea. Ndugu yangu akaumega mkate wa kumimina, kingo ngumu akazichukua mwenyewe, sehemu laini akaniwekea mimi. Nyumba ilijaa watu wazima. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba siwezi kutafuna.