Mbuzi wa Valentino na Goti la Saidi

Mbuzi alikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu wanaosema mume wangu alihongwa mbuzi na timu ya Ziba hudhani nitamkana mbuzi. Simkani. Alifungwa kwenye nguzo ya baraza yangu hapa Chemchem, asubuhi ya siku iliyofuata mechi, akala majani ya mlimau wangu, na mchuzi wake niliupika mimi. Lakini Lukumani hakuuza mechi. Yeye yuko kaburini hawezi kujibu, na wanetu wanalibeba jina lake, kwa hiyo nitaeleza mimi ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa na duka la spea za baiskeli. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa waliobeba mizigo ya misafara kati ya hapa Tabora na pwani, naye alijivunia mabega ya babu yake kuliko mimi nilivyojivunia stashahada yangu. Nilipoolewa naye, walimu wenzangu waliniuliza nimeona nini kwa muuza tyubu. Niliona mtu anayekusikiliza mpaka umalize sentensi. Watu hao ni wachache, hata miongoni mwa wenye shahada.

Aliifundisha timu ya mtaa, Nyuki, tangu binti yetu Tatu akiwa hajaanza shule. Mwenyewe hakuwahi kuujua mpira kwa miguu. Miguu yake ilikuwa ya kubeba mizigo, si ya kupiga chenga. Aliujua kwa macho. Mchana, baada ya chakula, alipanga karanga juu ya mkeka kama wachezaji uwanjani, akizisogeza huku akinung'unika. Aliyecheza vibaya wiki hiyo aliliwa.

Kila msimu aligombana na kamati kwa jambo lile lile: alitaka kikosi kipana. Kamati iliona kulisha watu wanaokaa benchi ni hasara. Nilikuwepo barazani siku mwenyekiti alipokuja kumwambia wamepunguza wachezaji. Jina la mwenyekiti silitaji. Watoto wake nimewafundisha historia.

"Fundi, watu wote hao wa nini?" aliuliza. "Wanaocheza ni kumi na mmoja."

"Na baiskeli ina magurudumu mawili, mwenyekiti. Mbona kila wiki unakuja kwangu kununua tyubu?"

Mwenyekiti alicheka sana, akanywa chai yake yote, na wachezaji wakapunguzwa vile vile.

Mwanzoni hakuna aliyeona kosa. Nyuki walishinda nyumbani, wakashinda Sikonge, wakashinda Urambo. Lukumani pekee ndiye hakufurahi, maana aliona ni watu wale wale wanaovuja jasho kila wiki. Aliwahi kunieleza kwa lugha ambayo hata mimi nisiyependa mpira niliielewa: kocha mwenye benchi refu humpumzisha mtu kabla hajaumia, mwenye benchi fupi humchezesha mpaka aumie, kisha humchezesha tena.

Ndivyo ilivyokuwa. Sayi, beki wa kati, aliangukia bega kule Nzega akavunjika mfupa. Godbless aliyeingia badala yake hakuwa amecheza kwa miezi, akachanika msuli wa paja katika mechi yake ya pili. Kiungo akahamishiwa ulinzi, winga akahamishiwa kiungo, kila mtu akawa anafanya kazi ya mwenzake juu ya yake, na uchovu ukazaa majeruhi wengine. Hata hivyo timu ilijikokota mpaka mchujo wa timu nne za mwisho, ambao bingwa wake ndiye angeuwakilisha mkoa. Ilibaki mechi moja, dhidi ya Ziba ya Igunga. Sare tu ingetutosha. Ziba walihitaji kushinda.

Wiki ya mechi hiyo ndipo goti la Saidi lilipovimba.

Saidi alikuwa mshambuliaji wetu na dereva wa bodaboda, na mabao mengi ya msimu yalikuwa yake. Daktari alisema kano za goti zimechanika kidogo. Akipumzika zitapona, akicheza zitakatika kabisa. Habari ilipofika mtaani, duka la mume wangu lilijaa madaktari wengine.

"Apigwe sindano ya ganzi, mzee. Dakika tisini tu!"

"Dakika ya tisini na moja ataendesha pikipiki kwa goti gani?" Lukumani aliuliza. "Utampa lako?"

"Sasa utamchezesha nani? Bibi yako?"

"Bibi yangu alibeba mtoto mgongoni na mtama kichwani kutoka Sikonge. Angekuwa hai, ningempa namba tisa."

Walicheka, lakini hawakuondoka. Mwenyekiti alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya pili hakunywa chai.

Jioni Saidi mwenyewe alifika kwetu. Alishuka kwenye pikipiki ya mwenzake mbali kidogo na kwetu, ili aonekane akitembea.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

"Sikai, mzee. Nimekuja kukuonyesha kwamba nimepona."

"Alhamdulillahi. Basi chuchumaa."

Saidi alinitazama mimi, kana kwamba mwalimu ana njia ya kumwokoa mtu na mtihani. Kisha akashika fremu ya mlango, akaanza kushuka. Hakufika nusu. Jasho lilimtoka usoni.

"Inuka," mume wangu alisema taratibu. "Hata chooni unateseka, utamruka beki wa Ziba?"

Saidi alicheka, na kicheko kikageuka kilio. "Mzee, watasema niliogopa."

"Watasema mimi ndiye niliyekukataza. Wanitwishe mimi. Sisi kwetu tumezoea mizigo."

Nilimpa Saidi maji ya kunawa uso, akaondoka akichechemea waziwazi.

Siku ya mechi nilikwenda uwanjani, jambo nililolifanya kwa nadra. Benchi la Nyuki lilikuwa limejaa watu waliovaa jezi, ili Ziba wadhani tunao wa kuingia. Godbless alikaa pembeni amenyoosha mguu kama anayeota jua, na Sayi amefunika bega kwa koti. Wazima walikuwa kumi na mmoja kamili, na kati yao makipa walikuwa wawili. Kipa wa kwanza alisimama golini. Kipa wa akiba, Sabiri, kijana mrefu mpole anayeuza vitumbua na mama yake, alivalishwa namba tisa ya Saidi akapelekwa mbele.

Msimcheke. Alikimbia kama swala siku ile. Hakufunga, lakini aliwasumbua mabeki wa Ziba kwa urefu wake, na mpaka dakika za mwisho matokeo yalikuwa bila kwa bila. Watu walikwisha kuanza kuimba. Ziba wakapata kona, Lukumani akawaita wote warudi kulinda.

Mpira ulikuja juu, ukielea mbele ya lango letu. Kipa wetu alitoka akakanyagana na mtu. Sabiri aliruka. Aliruka vizuri kuliko wote, akaudaka mpira kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani, akaanguka nao na kuulalia, kama alivyofundishwa tangu utotoni.

Sabiri aliinuka akitafuta wa kumrushia. Alipouona uso wa kipa wetu ndipo alipokumbuka kwamba leo yeye si kipa. Mpira ulimtoka mikononi kama umemuunguza.

Penalti. Ziba wakafunga. Ikaisha moja kwa bila.

Watu waliingia uwanjani wakimtukana mtoto wa watu. Lukumani, na umri wake ule, alikimbia akafika kwanza. Alimzungushia Sabiri mkono shingoni, akatoka naye taratibu katikati ya zile kelele. Nilikuwa karibu nikamsikia akimwambia, "Lakini umeudaka vizuri. Usiniambie hukuudaka vizuri."

Asubuhi yake Valentino aligonga mlango. Valentino ni mfanyabiashara wa ng'ombe anayeishi Ziba, mlezi wa timu yao, na ni Mgogo. Sisi ni Wanyamwezi. Asiyejua maana yake na aulize wazee: utani wa makabila haya ulianzia katika njia ile ile ya misafara, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, hasa siku ya huzuni, na huruhusiwi kununa.

"Lukumani!" alipiga kelele mtaa mzima usikie, akimfunga mbuzi kwenye nguzo. "Toka nje, mbeba mizigo wee, upokee mshahara wako! Ziba tunalipa kwa wakati!"

Mume wangu alitoka na shuka kiunoni. Nilimwona mabega yakimnyanyuka kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Leo Mgogo analeta badala ya kuomba? Basi kiyama kimekaribia. Na mbuzi mwenyewe mbona mbavu tupu? Kwa huyu ningekuuzia kona tu, si penalti!"

"Rudisha basi!"

"Mkono wa Mnyamwezi haurudishi. Ingia ndani, ushike kisu ukatie vitunguu, mikono yako haina kazi."

Wakakumbatiana wakicheka mpaka Valentino akafuta machozi. Lukumani alimchinja mbuzi mwenyewe, wachezaji wote wakaitwa, Sabiri akalazimishwa kula paja, na Saidi akakaa amenyoosha goti lake juu ya kigoda. Hiyo ndiyo hongo yote.

Lakini wapangaji wa jirani, waliohamia juzi kutoka mbali na wasioujua utani wetu, walikuwa wamerekodi kwa simu. Walikata video kabla hatujaanza kucheka. Kufikia adhuhuri ilikuwa imezunguka kwenye makundi yote ya mji: kocha amwacha mshambuliaji wake nje, ampanga kipa mbele, kipa adaka mpira, mbuzi aletwa. Na wanakamati waliopunguza kikosi walifurahi kupata mtu mwingine wa kulaumiwa.

Nilimwambia mume wangu ajibu. Alikataa. "Utani ukishauelezea umeuua, Mama Tatu."

"Na jina lako?"

"Wanaokaa dukani kwangu wanalijua."

Mwaka uliofuata presha ilimchukua. Jeneza lilipotoka uani nilikuwa nimesimama dirishani pamoja na wanawake wenzangu. Saidi alikuwa mbele kushoto, amelibeba begani, akizishuka ngazi zetu tatu kwa miguu yote miwili iliyo sawa. Anaendesha pikipiki yake mpaka leo, na Jumapili anacheza. Wanaotaka kujua mume wangu aliuza nini na alinunua nini, wakamtazame anavyokimbia.

Sasa nasikia kuna wanaotaka niwatajie mwenyekiti ni nani, na alisema nini alipokuja ile mara ya pili asinywe chai. Nilikuwepo na nilisikia kila neno. Sitalisema, si kwa simu, si kwa maandishi, si kwa mtu yeyote. Msije kuniuliza.