Kikohozi cha Beryl Thwaite

Pale Ackerley, mtu akitaka kuruka foleni kwa muuza nyama, kwanza huchungulia kama Beryl Thwaite yumo. Akimwona, hughairi nyama akala viazi. Na Beryl mwenyewe hakuwa mrefu wala mnene. Alikuwa mfumaji wa kiwanda cha nguo, mitambo minne chini ya mkono wake, nywele zimebanwa kwenye kitambaa, na kifua chenye kikohozi ambacho serikali ingekijua ingekiandikisha jeshini.

Kikohozi chenyewe kilikuwa na ngazi tatu. Cha kwanza kidogo tu, kama paka anayekataa maziwa: maana yake nimekuona. Cha pili kikavu: na wenzangu nao wamekuona. Cha tatu hakuna aliyewahi kukisikia mara mbili. Kilimfanya karani mmoja wa posta ahamie Australia, na maskini hakuwa hata ameruka foleni, alikuwa akipita njia.

Ustadi huo hakuupata shuleni. Alizaliwa katika nyumba zile za kubanana ambako familia saba zilikuwa na choo kimoja uani, na mtoto alijua kushika zamu kabla hajajua kutambaa. Vita vilipokuja, Beryl akajipanga alfajiri kwenye foleni ya vitunguu, na mbele yake alikuwapo kijana mkimya aitwaye Wilf. Foleni ile ilikuwa ndefu hivi kwamba walipoifikia meza walikuwa wameshachumbiana, wamegombana mara mbili, na mama wa Wilf ameshapata la kumchukia Beryl. Vitunguu vilikuwa vimekwisha. Wakaoana hivyo hivyo, bila vitunguu.

Basi kila mwaka, wiki ya pili ya Agosti, kiwanda huzimwa, na Ackerley nzima hufunga mizigo kwenda Saltby, ufukweni. Mjini hubaki paka na kasisi. Watu husafiri saa nne ili wakapange vyumba karibu na majirani walewale waliokuwa wakiwalalamikia nyumbani, na wakae mchangani kwa mpangilio uleule wa mtaa wao.

Kule Saltby kuna uwanja wa burudani, na ndani ya uwanja kuna Joka. Hilo ni treni la kuchezea, reli yake ya mbao imejengwa juu angani. Hupanda polepole likikereza meno, mpaka unaona kaburi la babu yako, kisha huanguka. Beryl alilipanda mara moja kwa mwaka, hazidishi. Miezi kumi na moja na nusu alikuwa akisimama mbele ya mitambo akilingojea.

Mwaka huo, ule wa sabini na mbili, alimkalisha Wilf kwenye benchi na aiskrimu, akamkabidhi koti na miwani.

"Bila miwani utaona nini?" Wilf akauliza.

"Nimekuja kupiga mayowe, mume wangu, sikuja kuona. Mwaka jana Joka lilimeza miwani ya Nellie mpaka leo."

Akaingia kwenye foleni. Foleni ya Joka huongozwa na vyuma, inaenda na kurudi mikunjo sita kama utumbo wa ng'ombe, hivi kwamba unaweza kumpiga kofi mtu aliye saa nzima mbele yako. Nyuma ya Beryl alisimama Harold Sugden, yule muuza nyama, kofia bapa kichwani na masharubu meupe. Nyuma ya Harold alikuwa Nellie Crabtree, jirani yake Beryl wa mitambo, na nyuma ya Nellie watu wengine wa Ackerley kama arobaini.

Hawajamaliza mkunjo wa kwanza, kijana mmoja mwenye ndevu za mashavuni akajipenyeza ubavuni.

Beryl akakohoa, kile cha paka. Kijana akatazama mawingu. Akakohoa cha pili.

"Rafiki yangu yuko mbele," kijana akasema.

"Anaitwaje huyo rafiki?"

"Eee... John."

"Haya. John!" Beryl akaita, na vichwa kumi na vinne vikageuka. "Chagua mmoja, mwanangu, uende naye nyuma."

Foleni ikacheka, kijana akaenda zake masikio yamewaka. "Mimi nina kanuni moja," Beryl akamwambia Harold. "Anayejieleza ndiye aliyeruka. Mwenye haki hana hadithi."

"Sina neno," akasema Harold, ambaye kwa kweli hakuwahi kuwa na neno.

Walipofika mkunjo wa tatu, chai ya asubuhi ikaanza kudai njia. Vikombe vitatu! Beryl akabana, akahamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule. Mwisho ikambidi. Kwa hili pia pana adabu yake: unamwomba aliye nyuma yako, naye akikubali, nafasi hiyo ni amana, kama umempa mtoto akushikie.

"Harold, nishikie nafasi."

"Nenda tu, Beryl. Utanikuta nyuma yako."

Akaenda mbio za kistaarabu. Chooni nako foleni. Aliporudi, watu walikuwa wamesogea, na kwa macho yake yale dunia nzima ilikuwa uji. Akatafuta kofia bapa na masharubu meupe. Akaviona. Akainama chini ya vyuma, akajiweka mbele ya masharubu, akashusha pumzi.

"Asante, Harold. Huko chooni, ndugu yangu, kuna mwanamke alitaka kunipita, nikamkoholea mpaka hereni ikadondoka."

Kisha, nyuma ya sikio lake, akasikia kikohozi kidogo, kama paka anayekataa maziwa.

Beryl akageuka. Masharubu yalikuwa masharubu, kofia ilikuwa kofia, lakini uso haukuwa wa Harold. Ulikuwa wa mtu wa Thornwick, mji wa ng'ambo ya vilima, ambao wenyeji wake, kwa maneno ya Ackerley, hukata mkate kwa rula kwa ubahili. Na kando yake alisimama mkewe, mwanamke mpana kama kabati la nguo.

"Mkia uko kule, bibi," mke akasema. "Sisi tuko hapa tangu saa tano. Unadhani tumewekwa mapambo?"

"Nilikuwa..." Beryl akaanza.

"Ehee! Ulikuwa! Haya tueleze ulikuwa wapi."

Atajielezaje, yeye? Mkuki kwa nguruwe. Kikohozi cha pili kikatoka kwa yule mume, kikadakwa na walio nyuma, kikapanda mkunjo na kushuka mkunjo. Watu wa Thornwick wakakohoa mpaka shakwe wakaruka kutoka paani, na mtu wa gari la wagonjwa akaja na machela mbili akiuliza kifua kikuu kimeanzia wapi.

Lakini wageni si kitu. Kilichomkata maini kilikuwa mkunjo wa jirani, ng'ambo ya chuma. Pale palikuwa na nyuso za waridi, ukungu mtupu, lakini vitambaa vya kichwa alivijua. Ni watu wa nyumbani. Na midomo yao ilikuwa ikienda.

Wafumaji wa Ackerley huzungumza kwa midomo bila sauti. Mitambo kiwandani hunguruma hata ukipiga risasi hasikii mtu, basi wanawake wamejifunza kusomana midomo, na wanaweza kumsengenya askofu huku wamemkalisha katikati. Siku nyingine Beryl angesoma midomo ya Nellie kutoka upande wa pili wa barabara. Leo aliona vinywa tu, vinafumbuka, vinafumba. Akajisomea mwenyewe: Beryl ameruka. Beryl wetu! Sasa kila akienda kununua nyama, mpaka siku ya kuzikwa, atakoholewa yeye.

Akainamisha kichwa, akatoka chini ya vyuma, akaenda mkiani. Akaupita mkunjo baada ya mkunjo, hatazami mtu, mpaka akafika nyuma ya mtu wa mwisho kabisa, akasimama akiyatazama mawe ya chini kana kwamba yameandikwa barua.

Midomo ya Nellie ilikuwa imesema nini hasa? Ilikuwa imesema: "Amekosea mkunjo. Hana miwani." Maneno yale yakapita watu arobaini bila sauti hata ya mbu. Harold peke yake, kwa kuwa hakuwa mfumaji, ikabidi anong'onezwe.

"Mwite basi!" Nellie akamhimiza.

"Nipige kelele?" Harold akashtuka, akawa mwekundu kama maini anayouza. "Katikati ya foleni? Mbele ya Thornwick?"

"Sasa?"

Harold akafikiri, jambo lililomchukua muda. "Nilimwambia atanikuta nyuma yake," akasema. Akaweka kofia sawa, akatoka kwenye mstari, akaanza kwenda mkiani.

"Na mimi niko nyuma ya Harold," akasema Nellie, naye akatoka. Aliyekuwa nyuma ya Nellie akawa nyuma ya Nellie, na wa nyuma yake vivyo hivyo, watu arobaini, mmoja mmoja, hakuna aliyempita mwenzake hata kwa pua.

Sasa, watu wa nchi ile wana udhaifu wao. Foleni ikisimama huivumilia, lakini wakiona nyingine inakwenda, hawaulizi inakwenda wapi.

"Wamefungua mlango mwingine!" akaropoka kabati la Thornwick. "Percy, twende kabla haijajaa!" Percy akatoka na masharubu yake, Thornwick wote wakamfuata, mkunjo wa tano ukafuata wa nne, na waliokuwa mbele ya Beryl mkiani nao wakahamia nyuma. Hata waliokuwa wameshika mlango wa Joka kwa mkono wakatazama nyuma, wakaingiwa na wasiwasi, wakaenda. Joka likaondoka tupu mara mbili. Safari ya tatu lilimbeba shakwe mmoja, benchi la mbele, naye alirudi amekaa kimya.

Beryl hakuona haya yote. Alisikia sauti tu begani.

"Niko nyuma yako, Beryl."

"Harold! Na nafasi yako?"

"Si ndiyo hii?"

Nellie akasogeza uso karibu mpaka pua zikakaribia kugusana, akasema kwa midomo, taratibu, kama kwa mtoto: "Hakuna aliyekusema, mpumbavu wewe."

Beryl akafuta jicho, akasingizia upepo wa bahari. Ndipo akatazama mbele. Hapakuwa na mtu. Vyuma vitupu, mikunjo sita, na kule mwisho mlinzi wa mlango na kipaza sauti chake.

"Wa mbele!" mlinzi akaita. "Wa mbele ni nani jamani?"

Watu mia nne wakamtazama Beryl.

Akaenda. Angeweza kukata njia chini ya vyuma, lakini aliizunguka mikunjo yote sita, mmoja baada ya mwingine, na foleni nzima ikamzunguka nyuma yake kama treni la pili. Mlangoni akasimama. Hesabu yake ilikuwa rahisi na ilimkaa vibaya: mkiani alikuwa amesimama dakika tano, na sasa alikuwa wa kwanza. Tangu dunia iumbwe hapakuwa na aliyeruka watu wengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja.

Akageuka kuwatazama. Akasubiri mtu akohoe. Mke wa Percy akavuta pumzi, akafungua kinywa, kisha akakutana na macho ya Nellie, akajifanya ana pipi.

Hakukohoa mtu.

Beryl akapanda benchi la mbele, Harold akakaa kando yake, chuma kikashuka juu ya mapaja yao, na Joka likaanza kukereza meno kwenda juu.

"Beryl," Harold akasema, walipokuwa karibu na kilele, "hivi hii si ndiyo kuruka foleni kwenyewe?"

"Harold," akasema Beryl, "shika chuma unyamaze."