Chumba cha Bi Remedios

Usiku ule Glenda Hepworth hakupanda juu kulala. Alikaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, uso kwa uso na mlango wa kijani uliofungwa, akisikiliza. Upande wa pili watu walikuwa wanabishana: Bi Remedios, jirani yake, ajuza wa miaka themanini na kitu, na mwanawe Ginés aliyekuja kutoka mjini kwa ajili ya shauri hilo hilo. Walikuwa wanaamua kama watamwachia Glenda chumba kilicho nyuma ya mlango huo au hawatamwachia. Kihispania cha Glenda kilitosha kununua mkate na kuomba radhi. Ugomvi wa mama na mwana ulimpita juu ya kichwa.

Kando yake, katikati ya friji na jiko la gesi, mumewe Derrick alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha kukunja. Friji ikinguruma, naye ananguruma.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Sijui. Huyo kijana anasema 'hapana' kila mara."

"Basi tumekwisha. Nenda ukafunge mizigo."

"Ngoja kwanza. Labda mama yake anamlazimisha kula."

Derrick akageukia ukuta. Alikuwa ameshatamka neno lake: mwezi ukiisha bado analala na friji, nyumba inauzwa na wanarudi kwao Barnsley, Uingereza. Na Barnsley hakukuwa na pa kurudi. Nyumba yao ya kule ilishauzwa, mapazia ya Glenda yakabaki na watu wengine, na binti yao Joanne alikuwa amewaambia uwanja wa ndege, mbele za watu, kwamba watakuwa wamerudi kabla ya Krismasi. Glenda alikuwa radhi kulala yeye ndani ya friji kuliko kumpa Joanne ushindi huo.

Yote yaliletwa na adabu. Glenda alikuwa amegawa chakula kwenye shule ya watoto wadogo karibu maisha yake yote ya kazi, na macho yake hayakupitwa na kitu: alijua mtoto gani ameficha karoti mfukoni na yupi hakunywa chai asubuhi. Lakini alilelewa kwamba ukiwa kwenye nyumba ya mwenzio, mlango uliofungwa hauguswi. Nyumba hii ya Fuenlobo, huku Uhispania, alikuja kuitazama mara tatu kabla ya kununua, akaletwa na dalali aitwaye Trevor, Mwingereza mwenzao. Trevor aliwapa chai yenye maziwa, na kwa chai hiyo wakamwamini.

"Hapo ni stoo tu, kipenzi," alisema Trevor kuhusu mlango wa kijani. "Kubwa, kavu. Tia kitanda, mzee atalala kama mfalme."

Hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta. Derrick alikuwa amebadilishwa nyonga, daktari kampiga marufuku ngazi, na vyumba vingine vyote vya nyumba hiyo vilikuwa juu. Glenda alitamani sana kukishika kitasa. Lakini Fuensanta, mwenye nyumba, alikuwa amesimama pale na mkoba wake mkononi, na Glenda akaona aibu. Akauliza kuhusu nge. Akauliza kama maji hukatika mwezi wa nane, hospitali iko umbali gani, na kama paa linavuja. Aliuliza kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Siku ya kusaini, mthibitishaji wa hati aliisoma hati mbio mbio, lakini mahali fulani akasimama, akawatazama juu ya miwani na kuuliza kama wote wameelewa. Wakili wao akaitikia kwa kichwa. Trevor naye akaitikia. Glenda ndiye aliyeitikia kuliko wote, maana yule bwana alionekana ana njaa.

Siku ya kuhamia, wachukuzi wakaingiza kitanda kipya mpaka jikoni. Derrick akasukuma mlango wa kijani. Umefungwa. Akaweka bega, akasukuma tena, na fimbo yake ikaanguka kwa kishindo.

"Nani huyo?" sauti ya kikongwe ikauliza kutoka ndani.

Derrick akamtazama mkewe.

"Stoo imeongea," akasema.

Wachukuzi walicheka mpaka wakakiachia kitanda. Ndipo wakaeleza, kwa mikono zaidi ya maneno. Zamani nyumba hizi mbili zilikuwa moja. Mzee mwenye mali aliwagawia binti zake wawili, na hicho chumba akakitia kwenye fungu la Remedios, ingawa kina mlango huku na huku. Hati ilisema hivyo. Ofisi ya ardhi ilijua hivyo. Mwoka mikate, Glenda alipomsimulia kesho yake, alimshangaa kweli kweli.

"Kila mtu anajua hicho ni cha Remedios. Mbona hamkuuliza?"

Avril Tordoff, mwanamke Mwingereza wa Huddersfield aliyekuwa ameishi Fuenlobo mpaka ngozi yake ikafanana na mkoba wa kale, alishika kichwa.

"Wakili mlimpata wapi?"

"Trevor alituletea."

"Basi Trevor alikuwa na wakili, shoga yangu. Nyinyi hamkuwa naye."

Kitu chepesi kingekuwa kwenda kubisha hodi kwa Bi Remedios na kumwomba. Glenda hakuweza. Mama wa watu ni mzee, pengine amelala, pengine anakula, pengine ana wageni. Alioka keki ya limau, akaiweka kwenye kizingiti cha jirani, akagonga mara moja kwa kidole, akakimbia kabla mlango haujafunguliwa asije akamsumbua. Jioni hiyo Bi Remedios aliutangazia mtaa mzima kwamba yule Mwingereza anamwekea chakula na kutoroka, kama anayelisha paka asiye na mwenyewe.

Mwezi ukaenda hivyo. Kila jua lilipotua, wanawake wa mtaa walitoa viti nje, wakakaa barabarani kupunga upepo. Glenda aliwachungulia nyuma ya pazia, akidhani ni sherehe ya watu walioalikana.

"Waalikane nini?" alifoka Avril. "Unatoa kiti, unakaa, basi! Wewe unapita pale unasema 'jioni njema' unatimua mbio kama umeiba. Wanajua unataka chumba. Mpaka paka wao wanajua. Wanakusubiri ukae."

Jioni iliyofuata Glenda akapiga moyo konde. Akatoa kiti chake cha plastiki na, ili asiwaingilie, akakiweka ng'ambo ya barabara, peke yake, mikono juu ya magoti. Mazungumzo yakakatika. Bi Remedios, gauni jeusi, feni ya mkononi ikipepea, akamtazama juu mpaka chini.

"Huyo anasubiri basi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Avril naye, msaliti mkubwa, alicheka. Bi Remedios akampungia feni.

"Sogea huku, mwanangu. Hatuna meno ya kukung'ata. Una miaka mingapi?"

Glenda akasogeza kiti. Akataja miaka yake, Avril akitafsiri palipomshinda.

"Watoto?"

"Mmoja. Binti."

"Kwa nini mmoja? Anakupigia simu?"

"Siku za Jumapili. Akikumbuka."

"Wangu hakumbuki mpaka ahitaji mafuta ya zeituni. Na nyumba, mpwa wangu Fuensanta amewauzia kwa bei gani?"

Glenda hakuwa amemwambia hata dada yake wa tumbo moja. Alitazama lami. Kisha akaitaja bei, na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja, kama kuna mtu aliyeanguka.

"Yesu na Mariamu! Kwa pesa hiyo angewapa na punda!" Bi Remedios akafunga feni. "Na mumeo, mbona analala jikoni? Umemfukuza kitandani?"

Hapo Glenda akasimama. Akajishika nyonga, akachora kisu hewani, akapanda ngazi zisizokuwepo, akaonyesha chuma ndani ya mfupa. Alikuwa anaendelea vizuri tu, wanawake wakifuata kila ishara, ghafla akajikuta analia. Yeye ambaye hata siku ya kuifunga nyumba ya Barnsley hakudondosha chozi.

Hakuna aliyecheka. Bi Remedios alimvuta mkono akamkalisha.

"Mwezi mzima mgonjwa analala ubavuni mwa friji, na mimi niko nyuma ya ukuta, na hunambii?"

"Sikutaka kukusumbua, Bi Remedios."

"Mume wangu kafa, dada yangu kafa, mwanangu yuko mjini. Nisumbue!"

Lakini chumba kilikuwa urithi wa Ginés pia, na Ginés alikuwa na mkono mgumu. Bi Remedios akasema hataamua mpaka mwanawe aje. Basi kaja, na ndiyo haya mabishano yaliyomkalisha Glenda macho.

Usingizi ulimwiba karibu na alfajiri, kichwa juu ya meza. Alizinduliwa na mlango wa kijani ukigongwa. Upande wa pili ulikuwa kimya, ila sauti moja.

"Mwanangu! Umeamka?"

"Nimeamka, Bi Remedios."

Mzee akasema polepole, neno kwa neno, kama anayemlisha mtoto uji, na safari hii Glenda alishika karibu yote. Ginés amekubali. Alikataa mpaka akachoka, kisha akala, kisha akakubali. Mgonjwa alale chumbani kuanzia leo. Habari ya kukinunua wataizungumza kwa mthibitishaji, na wakija waje na wakili wao wenyewe, si wa yule mwuza chai. Pilipili zake zilizoanikwa darini zisiguswe.

"Na jingine," akasema. "Mlango huu haufungwi tena. Mimi napita kuja kwenu, nyinyi mnapita kuja kwangu. Alipokuwa hai dada yangu ulikuwa wazi usiku na mchana."

Glenda akamfasiria mumewe. Derrick akainuka kitako, nywele zimesimama.

"Usiku na mchana? Na mimi nikiwa na chupi?"

"Siwezi kumuuliza hilo."

"Muulize! Ni chupi yangu!"

Glenda akauliza, masikio yakimwaka moto. Upande wa pili kikazuka kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Mwambie nilikaa na mume miaka arobaini. Hana jipya la kunionyesha."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukasukumwa, ukagoma. Upande huu kulikuwa na komeo ambalo Derrick alilipigilia siku ileile stoo ilipoongea.

Glenda akaliangalia komeo. Kule Barnsley jirani yake wa miaka yote hakuwahi kuvuka mkeka wa mlangoni, wala yeye kuvuka wake; walipendana sana, kila mmoja kwake. Akatazama jikoni: sufuria za jana, soksi juu ya kiti, gilasi yenye meno ya bandia ya Derrick.

"Dakika moja tu, Bi Remedios!"

Akaficha meno. Akatupa soksi chini ya kitanda, akanyakua kitambaa, akaanza kusugua meza.

"Nakusikia unasugua!" mzee akapiga kelele. "Mimi nimeshika kahawa, inapoa!"

"Fungua, mke wangu," Derrick akasema, akivuta shuka hadi kidevuni. "Fungua kabla hajaleta na mtaa."

Glenda akakiweka kitambaa, akajipapasa nywele, akalivuta komeo.