Mama Alilala Kwenye Gari Chini ya Mlima Hanang

Admin, jina langu liweke mfukoni kabisa, maana mawifi zangu wamejaa humu kwenye ukurasa wako. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, Mgogo wa Chamwino, fundi cherehani, fremu yangu iko Chang'ombe ya hapa Dodoma. Nimeolewa, naishi Miyuji, nina watoto wawili na mimba ya tatu imeingia mwezi wake wa nane. Mume wangu ni mtumishi, kazaliwa na kukulia Dar, kazi ndiyo iliyomleta Dodoma. Si mlevi, hanipigi, na watoto wake anawapenda. Nayasema haya mapema msije mkaniandikia "achana naye dada" kabla hamjamaliza kusoma.

Kwetu mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Mama wa mke halali chumba kimoja na mume wa binti yake, hali naye sahani moja, hata mkono hawapeani. Mume wangu aliambiwa yote haya na wajomba zangu siku ya mahari, akaitikia, "Nimeelewa wazee wangu." Na kweli, miaka yote mama akija Miyuji analala chumba cha uani. Asubuhi mume wangu anamwamkia, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba baba," kila mtu kasimama upande wake, maisha yanaendelea. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Sasa likizo ya Juni, binti yetu alikuwa amefundishwa volkano shuleni, basi hatupumui: "Baba, twende tukaione!" Baba yake akaamua tukapige kambi chini ya Mlima Hanang, karibu na ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Akasema na bibi twende naye. Jamani, nilifurahi! Nikamuuliza kitu kimoja tu, mahema je? Akanijibu, "Mawili, la mama peke yake. Kwani mimi mtoto?" Mama akajiandaa kama bibi harusi. Akaja na unga wa uwele, mlenda wa kukausha, na karanga za wajukuu.

Tulifika jua linaelekea kuzama. Upepo wa kule usiniambie, unapita kwenye nguo kama hukuvaa. Mama akaokota jiwe jeusi lenye matundu matundu, akamwonyesha mjukuu wake akicheka, "Kumbe na moto una makapi yake!" Sijawahi kumwona mama amefurahi vile. Huku nyuma mume wangu kasimamisha hema moja kubwa, kapangusa mikono, kakaa. Nikamuuliza la pili liko wapi. "Nimeliacha nyumbani makusudi. Hili tunatosha wote. Leo tunaumaliza huu ushamba. Mama, karibu ndani!"

Nikamvuta pembeni nikamwambia, basi wewe lala kwenye gari, mama alale na mimi na watoto. Akapandisha sauti, "Niendeshe kutoka Dodoma mpaka huku halafu nikakunje miguu kwenye siti? Anayeona shida ndiye ahame!" Mama alisikia. Akasema taratibu, "Mwache baba apumzike, amechoka," akachukua blanketi akaingia kwenye gari. Nilipomfuata akanirudisha: "Una mtu tumboni wewe. Nenda kwa wanao."

Asubuhi mama anakohoa, miguu imevimba, anashuka kwa kushikilia mlango. Na huyu bwana, kabla hata hajamwamkia, alikuwa ameshamrekodi kupitia kioo cha gari akiwa amejikunyata, akairusha video kwenye kundi letu la WhatsApp lenye ndugu wa pande zote mbili: "Mkwe kakimbia hema, kaogopa volkano!" Mawifi wakamwaga vicheko. Wajomba zangu wamo mle mle. Hawakucheka.

Wajomba wakasema aje na mbuzi aombe radhi. Akajibu, "Nimempeleka mtu kutalii, halafu nitozwe mbuzi?" Kifua cha mama kikasumbua sana, sasa kimetulia, ila Miyuji hakanyagi. Na mimi uzazi wangu si wa kuchezea. Uzazi uliopita, siku chache baada ya kutoka hospitali, nilitokwa na damu nikazimia bafuni, mume akiwa safarini. Mama ndiye aliyevunja mlango. Bila yeye leo mngekuwa mnasoma kisa cha mtu mwingine. Nikaomba nikajifungulie kwetu, mume akasema, "Ukienda Chamwino, ujue umeshachagua."

Jumapili nilikwenda kumlilia mama. Nikamwambia, mama, si ungeingia tu kwenye hema usiku ule yakaisha? Akaniangalia sana. "Mwanangu, unadhani nilikuwa najitunzia heshima yangu? Nilikuwa namtunzia yeye. Siku akikaa na wanaume wa kwetu, asiwe mtu wa kusemwa kwamba alilala na mkwewe pamoja. Mbuzi simtaki mimi. Aje asimame hapa uani kwangu aniamkie kama zamani, nabeba mfuko wangu nakuja siku hiyo hiyo."

Nilirudi na furaha, nikijua yamekwisha. Shikamoo moja tu, jamani! Mume hata macho hakuyatoa kwenye runinga. "Aje yeye. Nyumba si anaijua?"

Jana jirani yetu wa Chamwino kaniletea kifurushi. Ni mbeleko ya mama, ile aliyowabebea wanangu wote wawili, kaifua na kuikunja vizuri. Hajawahi kuituma, kila uzazi huwa anakuja nayo mwenyewe. Nimeishika nikalia mpaka binti yangu akaniuliza kama bibi amekufa.

Nampenda mume wangu na nyumba yangu naitaka. Lakini naogopa kufa bafuni, wenzangu. Ninyi mliopitia haya nisaidieni mawazo, siku zinakwisha: huyu mtoto nikamzalie wapi?