Maneno Yaliyofichwa Chini ya Video

Juzi nilipata habari kwamba fundi mmoja wa kurasa za mtandao, mwanamke aliyekuwa na chumba chake cha kazi mjini Nakuru, ametutoka. Hatukuwa marafiki, tulikuwa watu wa kusalimiana na kubishana kidogo. Hata hivyo, kifo chake kimeniamshia upya swali nililowahi kumwuliza: ukurasa hujuaje video imeishia wapi na maandishi yameanzia wapi?

Nilimwuliza hayo nilipomsindikiza hadi chumbani kwake jirani yangu, mfanyabiashara wa viazi kutoka Kuresoi, aliyekuwa akijiandaa kumzika mama yake. Siku hizi huku kwetu mazishi hurushwa mtandaoni ili walio mbali nao wahudhurie. Mdogo wake huyo jirani yuko ng'ambo, na hati zake hazikumruhusu kusafiri. Sehemu yake pekee katika mazishi ilikuwa aya chache za kumuaga mama, ziwekwe chini ya video. Jirani aliuandaa ukurasa mwenyewe kwa kunakili msimbo wa video, yaani maandishi yanayouamuru ukurasa kuionyesha, ila mkia wa msimbo huo aliukata, akiuona hauna kazi. Video ya majaribio ilicheza. Aya zikatoweka.

"Wacha tu hivyo, mathe," alimwambia fundi. "Si inacheza? Watu wanataka kuona mazishi, si kusoma."

"Inacheza, boss. Na ndugu yako umemweka wapi?"

Jirani aliitazama tena simu, akashuka hadi chini ya video. Nami ndipo nikauliza swali langu.

"Ukurasa haujui kitu, mzee. Unaambiwa."

Fundi akatueleza kwamba video hupachikwa kwa alama ya kufungua na alama ya kufunga. Ya pili ikikosekana, simu huyahesabu maneno yote yanayofuata kuwa ya ndani ya video, ikayaficha bila kulalamika. Akaurudisha ule mkia, akaipa video jina, ili hata asiyeona, anayesomewa na simu yake, ajue ni mazishi ya nani. Aya zikajitokeza. Jirani alizisoma kwa sauti mpaka pale ndugu yake alipomwomba mama msamaha kwa kutokuwepo. Hapo akanikabidhi simu nimalizie.

Tumekuwa jamii inayoridhika na kinachocheza. Mkutano ukifanyika, barabara ikipitika, hatuulizi ni nani aliyeachwa nje. Fundi yule aliuliza, na huo ndio urithi ninaotutakia: kabla hatujatangaza kwamba kazi imekwisha, tumtafute yule ambaye sauti yake haikufika.