Kikombe ambacho Rahaf hakukinywa

Kila asubuhi, kabla wasichana hawajaingia, mwalimu Ibtihaj hupita kwenye korido ya chumba cha kompyuta akinyoosha picha. Ni picha za hakathoni, moja kwa kila mwaka. Zimetundikwa kwa misumari isiyolingana, na upepo wa mji wa Karak ukipita dirishani huziacha zimeinama kama watu waliochoka kusimama. Yeye huzigusa pembeni kwa kidole kimoja, hurudi nyuma, hutazama, kisha husogea kwenye inayofuata. Katika kila picha yuko katikati. Ukimuuliza, atakwambia mpiga picha ndiye aliyemsogeza.

Hakathoni aliianzisha yeye. Wakati ule walimu wenzake walilicheka hata jina lake, wakasema linafanana na ugonjwa wa mbuzi. Kwa siku mbili wasichana wa madarasa ya juu huacha masomo, hujigawa vikundi, na kila kikundi hushika tatizo moja la mji na kulitafutia dawa kwa kompyuta zilizopo. Mwaka mmoja walitengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha majirani siku ya maji, maana bomba hufunguliwa mara moja kwa wiki, na anayejisahau siku hiyo atavaa nguo chafu mpaka wiki nyingine. Mwaka mwingine waliwashughulikia wazee wanaosahau dawa za sukari. Ibtihaj hakuolewa. Anaishi na baba yake, Haji Mutlaq, kwenye nyumba ya mawe karibu na soko la zamani. Wanawake wenzake wakianza kusimulia habari za watoto wao, yeye husimulia vikundi vyake.

Kisha shule ikapata mwalimu mpya wa hesabu.

Rahaf alitoka Irbid, chuo kikuu kikiwa bado kinamnukia, na alikuwa na tabia ya kukaa juu ya meza huku miguu ikining'inia. Wiki ya kwanza tu alishashika majina ya wasichana wote, hata wale wanyamavu wa nyuma ambao Ibtihaj huwaita "wewe binti". Hilo Ibtihaj alilimeza. La pili lilimkwama kooni. Rahaf aliwaambia wasichana wasiguse kompyuta kwanza. Waende kwenye tanuri la mikate, waende zahanati, wawaulize watu nini kinawasumbua. Miaka yote hiyo Ibtihaj ndiye aliyekuwa akiwaandikia matatizo ubaoni, na wao wanachagua. Safari hii wasichana walirudi na jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kulitaja: kuna wenzao wanaoshuka basi vituo viwili kabla ya kwao na kutembea kwenye baridi, ili wasipite pale kona ya mkahawa wanapokaa vijana wa kiume.

Wazo lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomuuma. Lingekuwa baya angemhurumia.

Siku moja alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kompyuta akamsikia Sujud, msichana ambaye yeye alimpenda kuliko wote, akiwachekesha wenzake.

"Mwalimu Ibtihaj anatupa tatizo kama mtu anayekupa dawa ya minyoo. Fumba macho, meza, usiulize."

Wakacheka. Ndipo ikasikika sauti ya Rahaf: "Hebu nyamazeni. Bila yeye siku hizo mbili mngekuwa mnafanya hesabu na mimi."

Ibtihaj alirudi ofisini taratibu. Kusemwa angeweza kuvumilia. Kutetewa, na kutetewa na yule, kulimkosesha hamu ya chakula cha mchana.

Mwalimu mkuu, Umm Qusay, aliwaita wote wawili. "Wiki ijayo tuna wageni kutoka wizarani. Jukwaa ni moja, kipaza sauti ni kimoja. Elewaneni wenyewe nani atasimama mbele aiendeshe hakathoni, mniletee jina. Mimi siingii kati ya wanawake wawili."

"Na wewe si mwanamke?" aliuliza Ibtihaj.

"Ndiyo maana siingii."

Hawakuelewana, kwa sababu hawakuzungumza. Ibtihaj alikuwa akimsubiri Rahaf aje aombe, ili amkatalie. Maneno ya kumkatalia alishayapanga, akayapunguza ukali, akayarudishia. Rahaf hakuja. Kila wakikutana koridoni alitabasamu, akasalimia, akapita. Ibtihaj akaona huo ni ujanja: huyu anajua wasichana watalitaja jina lake wenyewe.

Katikati ya kusubiri huko mafua yakamlaza. Alasiri moja ya Jumanne, amejifunika blanketi mbele ya jiko la mafuta, pua nyekundu kama komamanga, akasikia mlango unagongwa. Alikuwa Rahaf, na mfuko wa machungwa.

"Nimekuja kukutazama, mwalimu. Wasichana wanakusalimia."

"Wasichana gani?" alisema Ibtihaj. Kisha akaona haya. "Karibu. Kaa."

Haji Mutlaq hawezi kumwona mgeni bila kushika birika la kahawa. Zamani mzee huyu ndiye aliyekuwa akitangulizwa na wazee wa ukoo wanapokwenda kuposa, au kuomba msamaha kwa watu walioumizana. Kazi hiyo ina desturi yake: mwenye haja hupokea kahawa akaiweka chini bila kuionja, na mwenye nyumba akimwambia anywe, basi amekubali. Neno hilo likishatoka halirudi. Mzee alimmiminia Rahaf kahawa chungu, kidogo, kama inavyotakiwa. Rahaf akaipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama, uso ukamwiva. Akakiweka kikombe mezani.

Haji Mutlaq akasimama wima, birika mkononi. Ilikuwa miaka hakuna aliyemwekea kikombe.

"Ala," alisema polepole. "Binti yangu ana haja."

"Hapana, Haji. Nimekuja kumwona mwalimu tu."

"Hivyo ndivyo wanavyoanza wote." Akamgeukia Ibtihaj. "Anataka nini kwako?"

"Anajua mwenyewe anachotaka," alisema Ibtihaj. Kumbe Rahaf alikuwa akisubiri aje kuomba hapa nyumbani, mbele ya mzee.

"Ni kitu chako?"

"Changu."

"Umekishika tu, au unakihitaji?"

Ibtihaj hakujibu. Mzee akakichukua kimya kile kama ruhusa. "Kunywa kahawa yako, binti yangu. Ulilojia umelipata."

Rahaf hakunywa. Alimtazama mzee, akamtazama Ibtihaj, akatazama machungwa. "Haji, wallahi mimi..."

"Ameona ni kidogo," alisema mzee, na furaha ilimjaa mpaka kwenye ndevu. "Nani kamfundisha huyu? Niliwahi kuwakalisha watu wa Tafila hivyohivyo mpaka wakaongeza kondoo. Ongeza, Ibtihaj."

"Niongeze nini, Baba? Kimebaki nini?" Kwa mafua sauti ilimtokea puani, ikawa kama ya mtu anayelia. "Achukue hakathoni. Achukue jukwaa na kipaza sauti. Wasichana anao tayari."

Rahaf akainuka, akakibeba kikombe chake kwa mikono miwili. "Mwalimu, nioneshe jikoni, tafadhali."

Jikoni Rahaf alifunga mlango, akanong'ona: "Nimefunga. Nalipa siku zangu za Ramadhani. Ningemwambiaje baba yako? Ingekuwa Jumatatu au Alhamisi angedhani ni funga ya sunna. Leo Jumanne, angejua moja kwa moja ni deni la zile siku za wanawake."

Ibtihaj alimkodolea macho, kisha kicheko kikampanda mpaka akakohoa na kushika ukingo wa sinki.

"Halafu, kwani wanawake nao wanaweka vikombe?" alisema Rahaf. "Nilijua ni mambo ya wazee wa kiume."

"Kwa hiyo hukuja kuomba."

"Nilikuja na machungwa."

"Na jukwaa hulitaki?"

Rahaf alikigeuzageuza kikombe. "Nalitaka. Nalitaka sana. Nilikuwa naogopa kukuomba."

Ibtihaj akakipokea kikombe, akaelekea mlangoni. Sentensi moja ilitosha: Baba, msichana kafunga. Mzee angeomba radhi, na neno lake lingeyeyuka, maana limetolewa kwa haja ambayo haikuombwa. Hakathoni ingerudi kwake kabla ya adhana ya magharibi. Alifungua mlango kidogo. Baba yake alikuwa peke yake sebuleni, akiweka sawa kitambaa cha kichwa kama mtu aliyetoka kupatanisha koo mbili.

Akaiwaza siku ya wageni. Akajiona jukwaani, kipaza sauti mkononi, wasichana wakipiga makofi kwa adabu huku macho yao yakimtafuta Rahaf kule nyuma. Mbele ya wizara, mbele ya Sujud. Hapa nyumbani, angalau, alikuwa ametoa. Hakuna aliyemnyang'anya. Haukuwa wema, na yeye alijua haukuwa wema. Roho bado ilikuwa ikimchoma kama alivyoamka nayo asubuhi.

Akainywa ile kahawa yeye mwenyewe, imepoa, mkupuo mmoja, Rahaf akimtazama bila kuelewa. Akatoka, akamrudishia baba yake kikombe kitupu huku akikitikisa kidogo, kama afanyavyo mgeni aliyetosheka.

"Haya, Baba. Umm Qusay nitampigia mimi."

"Mungu abariki," alisema mzee. "Mkaidi, lakini ana adabu. Nimempenda."

Ibtihaj alimsindikiza Rahaf mpaka nje. Baridi ilikuwa imeanza kushuka kutoka upande wa ngome ya kale ya mji. Rahaf alivaa viatu, akafunga kamba, akafungua, akafunga tena.

"Mwalimu, nikuulize kitu kimoja tu."

"Uliza."

"Kama kweli ningekuja kukuomba, ungenipa?"

"Nisingekupa," alisema Ibtihaj.